Kwa nini yangeyange mweupe hutoka wa kijivu pichani, na namna ya kumrudishia weupe wake



Msikilizaji wetu mmoja wa Bahi alitutumia picha tatu za yangeyange kwenye jaruba la mpunga. Zote zimepigwa kwa simu ileile, asubuhi ileile, zikipishana dakika chache. Katika ya kwanza ndege ametoka wa kijivu, kama aliyegaagaa kwenye majivu ya jikoni. Katika ya pili ametoka mweupe kupita kiasi, hana jicho wala unyoya, kama umbo lililokatwa kwenye karatasi kwa mkasi. Ya tatu peke yake ndiyo yenye ndege kamili. Swali lake lilikuwa fupi: simu yangu ina tatizo gani?

Simu ni nzima. Hilo tulilisema hewani, lakini mambo ya picha ni magumu kuyaeleza kwa sauti peke yake, na baada ya kipindi ujumbe uliendelea kuingia. Wengine waliuliza kuhusu maua ya mbuyu, wengine kuhusu korongo wanaoshuka mashambani wakati wa mvua, na wapiga picha wa harusi hapa mjini waliuliza kuhusu shela la bibi harusi, ambalo kwao ni suala la kulipwa au kutolipwa. Wote walikuwa wanauliza jambo moja. Ndiyo sababu ya makala hii.

Kamera haijui nyeupe ni nini

Ndani ya kila kamera, iwe ya simu au ile kubwa ya kubadilisha lenzi, kuna kipima mwanga. Kazi yake ni kuangalia mwanga unaoingia na kuamua picha ipewe kiasi gani. Kipimo hicho hakioni ndege, ua wala ng'ombe. Kinaona kiasi cha mwanga tu, na kimetengenezwa juu ya dhana moja: kwamba dunia, ukiichanganya yote pamoja, ina mng'ao wa kijivu cha katikati, yaani kama kitu kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia.

Dhana hiyo si ya kijinga. Piga picha Soko la Majengo saa 3 asubuhi, na nyanya zake, miavuli yake, nguo za watu na vivuli vya vibanda, na wastani wake utaangukia karibu na hapo. Mambo huharibika pale kitu kimoja kinapotawala picha. Karatasi nyeupe hurudisha karibu asilimia 90 ya mwanga. Mkaa hurudisha chini ya asilimia 5. Kamera haijui kwamba imeelekezewa karatasi au mkaa. Inachojua ni kwamba kuna mwanga mwingi mno au mdogo mno, na inafanya bidii kuurudisha kwenye kijivu chake.

Tulilijaribu hili nje ya studio ili tusiwasimulie mambo ya vitabuni. Tuliweka karatasi nyeupe juani, tukaisogelea kwa kamera mpaka ikajaza picha yote, tukabonyeza. Kisha tukatandaza mkaa na kufanya hivyohivyo. Tulipoziweka picha mbili sambamba zilikuwa na kijivu kinachokaribiana sana. Wenzetu waliokuwa wakipita walitofautisha karatasi na mkaa kwa mikwaruzo na vipande, si kwa rangi. Yeyote anaweza kulirudia nyumbani, na tungemshauri alifanye kabla ya kusoma zaidi, kwa sababu ukishaliona kwa macho yako yaliyobaki yote ni mepesi.

Kanuni ya kwanza, basi, inakwenda kinyume na akili ya kawaida. Kitu cheupe kinapojaza picha, ongeza mwanga. Kwenye kamera kubwa kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Isogeze hadi +1 au zaidi kidogo. Kila namba nzima hapo ina maana ya mwanga kuongezeka maradufu. Kwenye simu nyingi, gusa ndege kwenye kioo. Kitatokea kialama cha jua au kistari. Kivute juu taratibu huku ukitazama, na ukibonyeza bila kuachia, simu nyingi hufunga kipimo palepale kisihamehame.

Simu za siku hizi zimeongezewa ujanja. Hutambua sura ya mtu, hutambua anga, na huchanganya picha kadhaa kuwa moja bila kukuuliza. Ndiyo maana mara nyingine hupatia zenyewe, na mara nyingine hukosea palepale zilipopatia jana. Anayejua kinachoendelea ndani yake haumizwi kichwa na hilo.

Ndege yuleyule, mara ongeza, mara punguza

Sasa turudi Bahi. Picha ya kwanza ilipigwa kwa karibu. Yangeyange na maji yanayometameta vimejaza kioo chote, kamera ikaona mwanga mwingi, ikapunguza, ndege akawa wa kijivu. Katika picha ya pili ndege amesogea mbali. Ni doa dogo jeupe, na lililobaki ni tope jeusi na ubavu wa ng'ombe mweusi. Kamera ikaona giza, ikaongeza mwanga ili tope liwe kijivu, na katika kulipandisha tope ikamuunguza ndege.

Hapa wengi hukata tamaa. Yangeyange akiwa karibu, ongeza. Akiwa mbali mbele ya kitu cheusi, punguza, hata hadi -1 au -1.5. Akiruka juu ya maji, kisha juu ya tope, kisha mbele ya anga, ndani ya sekunde nne, kidole gani kitakimbia hivyo?

Kuna njia iliyo rahisi zaidi, na tunaipenda kwa sababu inaanzia kwenye akili na si kwenye kitufe. Jiulize: jua limebadilika? Ndege aliporuka kutoka kwenye tope kwenda kwenye maji, jua lililomwangukia lilikuwa lilelile. Weupe wake ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kilicho nyuma yake tu. Ikiwa jua halijabadilika, kiasi cha mwanga kwenye kamera nacho hakina sababu ya kubadilika. Weka kamera kwenye herufi M, pima mara moja, kisha usikiguse kitu mpaka wingu lije.

Wapiga picha wa enzi za filamu walikuwa na hesabu ya kichwani kwa ajili ya jua kali: tundu la lenzi f/16, na kasi ya shata iwe moja ya namba ya ISO. Ukiweka ISO 400, kasi ni 1/400. Kwa ndege hiyo ni polepole, kwa hiyo unafungua tundu hadi f/8 na kasi inapanda hadi 1/1600. Mwanga ni uleule. Kwa kitu cheupe sana, wazee hao walipunguza hatua moja zaidi ili weupe usiungue, yaani 1/3200 kwa f/8. Namba hizo zinafaa asubuhi jua likishapanda vizuri na anga likiwa safi. Jua likiwa chini karibu na upeo wa macho nguvu yake ni ndogo, na hapo itabidi upunguze kasi.

Asiyetaka hesabu atumie kiganja. Kinyooshe mahali panapopigwa na jua lilelile linalompiga ndege, kisogelee kwa kamera mpaka kijaze picha, chukua kipimo, kisha urudishe lenzi kwa ndege bila kubadilisha kitu. Tunasema kiganja, si mgongo wa mkono. Mgongo wa mkono hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, lakini viganja vya watu wengi, wawe weusi au weupe, hukaribiana, na hung'aa kuliko kijivu cha kamera kwa takriban hatua moja. Kipimo hicho kinamwacha yangeyange salama.

Hapa ndipo wapiga picha wa harusi wanapoingia. Yangeyange mgongoni mwa ng'ombe mweusi na bibi harusi mwenye ngozi nyeusi ndani ya gauni jeupe ni tatizo moja. Ukifuata weupe, weusi unazama. Ukifuata weusi, weupe unaungua. Na tuseme wazi kwamba vifaa hivi havikuanza vikitufikiria sisi. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilikuwa ikiwapelekea wasafishaji wa picha kadi za mfano zenye sura ya mwanamke Mzungu, kadi zilizozoeleka kwa jina la Shirley, ili wasawazishe rangi kwa ngozi yake. Sura nyeusi ikitoka kama kivuli, hakuna aliyeona mashine ina kasoro. Ushauri wetu kwa gauni ni uleule wa ndege: mtoe bibi harusi kwenye jua la mchana, mpeleke kwenye kivuli kipana cha jengo au mti, pima kwa gauni, na uso uuinue baadaye kwenye programu ya kuhariri.

Kwa nini uinue weusi na usishushe weupe? Hilo linahitaji maelezo yake.

Nyeupe iliyoungua hairudi

Sisi wa redio tuna mfano wa karibu. Kwenye miksa kuna taa zinazopanda na kushuka kufuata sauti: kijani, njano, nyekundu. Sauti ikiwa ndogo, fundi ataipandisha baadaye. Itakuja na mchakato kidogo wa kelele, lakini maneno yatasikika. Sauti ikipiga nyekundu inakatwa kichwa. Unaweza kuishusha kesho mpaka iwe ya kunong'ona, bado itakuwa sauti iliyopasuka. Kilichokatwa hakikurekodiwa.

Picha ya kawaida ya simu hufanya hivyohivyo. Kila nukta inapewa namba tatu, za nyekundu, kijani na bluu, kuanzia 0 hadi 255. Nukta ikifika 255 katika zote tatu ni nyeupe tupu, na jirani yake ambayo ingestahili 300 nayo inaandikwa 255. Mstari wa unyoya uliokuwa kati yao umefutika, na hakuna programu inayojua ulikuwa wapi. Upande wa giza una huruma zaidi: ukiinua weusi utapata chenga chenga, lakini umbo litakuwepo. Wenye kamera kubwa wanaweza kuwasha onyo linalofanya sehemu zilizoungua zimetemete kwenye kioo, na kuhifadhi faili ghafi, lile linaloandikwa RAW kwenye menyu, ambalo huvumilia zaidi. Huvumilia, halifufui.

Mtu anaweza kusema, ndege mweupe akiwa mweupe kabisa nimepoteza nini? Umepoteza jina lake. Neno yangeyange tunalitumia kwa ndege kadhaa. Yule wa kwenye ng'ombe ana shingo fupi na mdomo mfupi wa manjano, na wakati wa kuzaliana hupata rangi ya kahawia ya machungwa kichwani, kifuani na mgongoni, kwa hiyo si mweupe wote. Yangeyange mdogo ana mdomo mweusi, miguu myeusi na vidole vya njano, kama aliyevaa soksi. Yule mkubwa ana shingo ndefu yenye kona, na mstari wa mdomo wake unapita nyuma ya jicho. Yule wa kati anayefanana naye, mstari wake unaishia chini ya jicho. Tofauti ya ndege wawili iko kwenye mstari usiozidi upana wa punje ya mchele. Picha iliyoungua usoni haiwezi kukuambia ni yupi.

Na jina lina kazi. Ardhi oevu ya Bahi, ambayo hupokea maji ya mto Bubu na haina njia ya kuyapeleka baharini, hujaa na kukauka kufuata mvua, na ndege wake huja na kuondoka nayo. Kumbukumbu za ndege wa nchi hii, zikiwemo zile za mradi wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania, hutegemea watu walioona ndege fulani, mahali fulani, tarehe fulani. Mkulima wa mpunga mwenye simu yupo bwawani siku nyingi kuliko mtafiti yeyote.

Chukua mfano wa korongo mweupe. Ni ndege wa Ulaya anayekuja kwetu msimu wa mvua, kuanzia karibu Novemba hadi Machi, na wakulima wengi wanamfurahia kwa sababu anakula nzige na viwavijeshi. Kwamba korongo wa Ulaya huja Afrika halikuwa jambo lililokubalika na wote zamani. Mwaka 1822 aliuawa korongo huko Ujerumani akiwa na mkuki wa Kiafrika umemchoma shingoni. Alikuwa ameruka nao hadi huko. Ndege huyo aliyekaushwa bado amehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock. Siku hizi hatuhitaji mkuki. Korongo wengi huvishwa pete mguuni yenye herufi na namba, na picha moja inayosomeka huweza kueleza alikovalishwa na mwaka gani. Pete hiyo ipo kwenye mguu ambao, kwa taarifa yako, mara nyingi ni mweupe pia: korongo hujinyea miguuni makusudi ili kujipoza kwenye joto, na miguu yake myekundu hugeuka kama iliyopakwa chokaa. Ukiunguza weupe, pete imekwenda.

Jua letu na vumbi letu

Weupe wenyewe si rangi iliyopakwa. Unyoya mweupe hauna rangi ndani yake. Una vinafasi vidogo vya hewa vinavyotawanya mwanga wote kwa pamoja, kama povu la sabuni lilivyo jeupe ilhali maji hayana rangi. Petali nyingi nyeupe ziko hivyohivyo. Okota ua jeupe lililoanguka, libane petali kwa kidole na gumba: hewa inatoka na sehemu hiyo inakuwa kama karatasi iliyodondokewa na mafuta.

Kwa mpiga picha hii ina maana kubwa. Kitu cheupe hakina rangi ya kukichora, kwa hiyo huchorwa na vivuli vyake peke yake. Bila vivuli vidogo kati ya unyoya na unyoya utapata bapa.

Sasa fikiria jua la Dodoma. Mji uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na uko nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana linapita utosini kabisa. Jua la namna hiyo linaunguza mgongo wa ndege na kuacha tumbo gizani, na petali linazilaza bapa. Muda mzuri ni tangu jua linapochomoza hadi kama saa 2 na nusu, kisha kuanzia saa 11 jioni. Waliohamia karibuni kutoka Dar es Salaam wakumbuke kwamba hapa jua huchelewa kwa karibu robo saa kuliko pwani, kuchomoza na kuzama.

Asubuhi ina faida nyingine. Ikifika saa 4 ardhi imeshapata moto na hewa juu yake inachezacheza. Ndege aliye mbali hutoka kama anayetazamwa ndani ya maji, hata lenzi iwe ya mamilioni. Miezi ya upepo na vumbi nayo hutandaza ukungu mweupe kati yako na ndege. Dawa ni kusogea karibu, au kusubiri mvua za kwanza zioshe hewa.

Na usishangae tumbo la yangeyange likitoka na wekundu. Udongo wetu mwekundu hurudisha mwanga wake juu, na kitu cheupe hupokea rangi ya jirani yake. Ukitaka, weka mizani ya rangi kwenye alama ya jua badala ya kuiachia kamera ijichagulie. Sisi huwa tunauacha. Ndege huyo alikuwa Dodoma, si studio.

Ua lenye usiku mmoja

Maua meupe ya mchana hayahitaji maneno mengi. Mwarobaini na mlonge, ambavyo viko karibu kila mtaa, vina maua madogo ya kutosha kujifunzia. Jua likiwa kali, mwombe mwenzako ashike kipande cha chandarua cheupe kati ya jua na ua. Mwanga unalainika mara moja. Kiwe cheupe kweli. Cha bluu kitalipa ua ubluu, na kanga italipa rangi zake zote. Kisha jaribu kusimama upande wa pili, jua likiwa nyuma ya ua: petali nyembamba huwaka kama kioo cha taa na mishipa yake huonekana. Chagua nyuma yake pawe na kivuli, na kumbuka kupunguza mwanga, kwa sababu sasa ua ni dogo mbele ya giza.

Mbuyu ni habari nyingine. Mwishoni mwa kiangazi, kwa kawaida kati ya Oktoba na Desemba, mibuyu yetu hutoa maua makubwa meupe yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Hufunguka magharibi, giza linapoanza kuingia. Weupe wake na harufu yake nzito ni vya kuwaita wageni wa usiku, hasa popo wala matunda, ambao huja kunywa asali ya ua na kuondoka na chavua kifuani. Asubuhi petali zinaanza kuwa za kahawia, na kabla ya siku kwisha ua limeshaanguka. Ua lisilopata mgeni usiku huo halitazaa ubuyu. Wanaotafuna ubuyu wa rangi stendi hawamfikirii popo, ila ndiye aliyeanza kazi.

Anayetaka picha hiyo ana usiku mmoja kwa kila ua, kwa hiyo maandalizi hufanyika mchana. Tafuta tawi la chini lenye machipukizi ya mviringo yaliyovimba; lile ambalo ncha yake imeanza kupasuka ndilo la jioni ya leo. Fika saa 11 na nusu. Unahitaji stendi ya miguu mitatu, au hata tofali na kitambaa cha kuegemezea simu, kwa sababu giza linataka shata ikae wazi muda mrefu. Usimulike ua kwa tochi moja kwa moja. Elekeza tochi kwenye karatasi nyeupe pembeni, na mwanga unaorudi kutoka kwenye karatasi ndio uliangukie ua. Kamera itaona usiku mweusi na kutaka kuongeza mwanga. Ikatalie: punguza hatua moja, angalia, na ikibidi mbili. Ndani ya ua kuna kifurushi cha nyuzi nyingi za chavua kama brashi ya poda. Ukiweza kuzihesabu baadhi kwenye kioo, weupe wako uko sawa.

Flashi iache. Inalichapa ua bapa, na inawafukuza popo ambao ndio sababu ya ua kuwepo. Kabla ya kutulia chini ya mti mulika mashimo ya shina, kwa kuwa nyuki hupenda mibuyu, na nyoka pia. Tena uliza wazee wa eneo hilo kwanza. Mibuyu mingine ni mahali pa tambiko, na mzee anayeombwa ruhusa kwa heshima mara nyingi ndiye anayekuonyesha mti uliochanua vizuri zaidi.

Pa kwenda, na namna ya kwenda

Kwa mazoezi huhitaji kusafiri. Kuku mweupe wa kisasa wa jirani anatosha kabisa kwa wiki ya kwanza. Hana aibu na harukiruki. Kunguru mwenye kifua cheupe na mwili mweusi ni mtihani wa pili, na ukiweza kupata unyoya wa kifua chake bila kuupoteza mgongo wake, yangeyange hatakusumbua.

Kisha kuna majaruba ya Bahi, barabara ya Singida, na Hombolo kaskazini-mashariki ya mji kwenye bwawa. Wanaofika Singida wana bahati ya kuwa na maziwa mawili ya chumvi, Singida na Kindai, kando kabisa ya mji, ambako heroe na mwari huonekana. Heroe wengi ni weupe wenye wekundu kidogo, na ukiwaunguza wekundu huo ndio unaotangulia kupotea. Mtera, njia ya Iringa, ina miti mikavu iliyosimama majini na ndege juu yake, mandhari ambayo hatujaona mfano wake kanda hii. Lakini Mtera ni bwawa la kuzalisha umeme. Ongea na walinzi kabla ya kutoa kamera, na usielekeze lenzi kwenye kingo wala mitambo. Hapa makao makuu ya nchi tahadhari hiyo inahusu pia kambi za jeshi na majengo nyeti ya serikali, hata kama yangeyange ametua juu ya ukuta wake.

Ukifika kijijini, pitia ofisi ya serikali ya kijiji. Mfugaji msalimie kabla ya kupiga picha ng'ombe wake. Usikanyage matuta ya majaruba, kwa kuwa tuta likibomoka maji ya mtu yanaondoka. Na miti yenye viota vingi vya yangeyange itazame kutoka mbali. Wazazi wakishtuka na kuruka, makinda hubaki juani bila kivuli na kunguru wanasubiri, wengine huanguka.

Mnaotutumia picha, tumeni ile halisi ambayo haijapitishwa kwenye vichujio vya rangi. Andikeni tarehe, saa na kijiji. Msiikate miguu ya ndege, na mdomo wake uonekane.